Habari za Wawelisi na Lugha Yao

Wengi wetu tumesikia habari za Uingereza, na wengi hudhani ya kuwa watu wote wa kisiwa kile ni Waingereza, na ya kuwa lugha yao ni moja. Sivyo. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho iko nchi ya milima na mvua nyingi, iitwayo Welisi, na watu wake wana lugha yao wenyewe. Mwingereza aliyezaliwa London akiwasikia wakiisema haelewi, kama vile mtu wa pwani asivyoelewa Kimasai. Lugha hiyo ni Kiwelisi, nayo ni ya kale katika kisiwa hicho kuliko Kiingereza, maana ilitokana na lugha ya watu waliokaa huko kabla mababu wa Waingereza hawajavuka bahari.

Hao waliovuka bahari waliwaita wenyeji kwa jina ambalo maana yake ni "wageni", na jina hilo ndilo Waingereza walitumialo hata leo wasemapo "Welsh". Hivyo mwenyeji aliitwa mgeni katika nchi ya baba zake. Lakini wenyewe hawajiiti hivyo. Wao hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja, wenzi.

Twataka kueleza jinsi lugha hii ya watu wachache, iliyokaa mlangoni pa lugha yenye nguvu nyingi sana duniani, ilivyoponea chupuchupu isife. Twaeleza si kwa kuwa ni habari ya kupendeza tu, bali kwa kuwa ndani yake mna swali liwahusulo watu wa kila kabila: watu wakipoteza lugha yao, je, wangali ni watu wale wale?

Mwaka 1282 mkuu wao Llywelyn ap Gruffudd aliuawa vitani, na nchi ikaangukia mikononi mwa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Walakini vita haikuondoa lugha. Watu waliendelea kulima, kuchunga kondoo, kuoa, kuzika na kutunga mashairi kwa maneno ya mama zao. Shida kubwa haikuja kwa upanga, ilikuja kwa kalamu. Mwaka 1536 mfalme Henry wa Nane alitoa sheria ya kuiunganisha Welisi na Uingereza. Sheria hiyo iliamuru mashauri yote ya baraza yasemwe kwa Kiingereza, tena mtu atumiaye Kiwelisi asipewe cheo cho chote cha serikali. Tangu hapo mkulima mwenye daawa alisimama mbele ya hakimu kama bubu, akingoja mwingine amwambie neno lililoamuliwa juu ya shamba lake. Nao wakubwa wa nchi walipoona ya kuwa njia ya vyeo ni Kiingereza, waliwafundisha watoto wao Kiingereza. Kiwelisi kikabaki kuwa lugha ya watu wa jembe na wa kondoo.

Lugha ikiisha kuachwa na wakubwa, yaweza kufa pole pole bila mtu kuipiga. Walakini lilitokea jambo ambalo wakubwa wenyewe hawakulitazamia. Siku zile serikali ya Malkia Elizabeth ilitaka watu wote wafuate kanisa la nchi, lakini Wawelisi wengi hawakujua Kiingereza, na sala za Kiingereza kwao zilikuwa sauti tupu. Kwa hiyo mwaka 1563 Bunge liliamuru Biblia na Kitabu cha Sala vitafsiriwe kwa Kiwelisi. Pamoja na hayo liliamuru Biblia ya Kiingereza iwekwe kando yake kanisani, ili watu wakilinganisha hizo mbili wapate kujifunza Kiingereza. Basi nia yao haikuwa kuikuza lugha.

Agano Jipya lilitoka mwaka 1567, na kazi kubwa ilifanywa na William Salesbury. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, lakini aliyaandika maneno kwa namna yake mwenyewe, hata wasomaji wakajikwaa. Ndipo kasisi mmoja wa kijiji cha milimani, jina lake William Morgan, alipoifanya kazi hiyo upya. Biblia nzima ikapigwa chapa mwaka 1588. Kiwelisi chake kilikuwa safi na chenye nguvu, kikafuata mwendo wa washairi wa zamani. Ikasahihishwa tena mwaka 1620, na mwaka 1630 ikatoka ndogo, ya kuwekwa nyumbani.

Tuangalie faida yake. Watu wa kaskazini na watu wa kusini husema Kiwelisi kwa namna mbalimbali, kama ilivyo kwa Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja. Kama kila upande ungaliachwa peke yake, labda lugha ingalivunjika vipande vipande. Lakini kila Jumapili watu wa pande zote walisikia maneno yale yale, wakapata lugha moja ya heshima. Lugha iliyofukuzwa barazani ilipewa kiti kanisani, ikakaa hapo miaka mia kadha wa kadha.

Iko lugha nyingine, ndugu wa Kiwelisi, iliyosemwa kusini katika nchi ya Cornwall. Lugha hiyo haikupata Biblia. Watu wake walipewa Kitabu cha Sala cha Kiingereza, na mwaka 1549 waliondoka kufanya vita kwa ajili ya jambo hilo, wakashindwa. Kabla karne ya kumi na nane haijaisha, Kikornwall kilikuwa kimekoma kuwa lugha ya kila siku, na walioifufua baadaye iliwapasa kuitafuta katika maandishi ya kale. Walakini tusiseme ya kuwa kitabu peke yake chatosha. Lugha ya Ireland ilipata Agano Jipya mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, na Agano la Kale mwaka 1685, lakini watu wengi wa huko hawakulifuata kanisa lililoleta vitabu hivyo, navyo havikuingia nyumbani mwao. Kitabu huilinda lugha pale tu kinapofunguliwa na mtu wa kawaida mezani pake.

Na katika Welisi ni nani aliyewafundisha watu wa kawaida kukifungua? Hapa sisi walimu twafurahi kulitaja jina la Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror katika wilaya ya Carmarthenshire. Kutoka mwaka 1731 alianzisha shule za kuzunguka. Mwalimu alikwenda kijijini, akakaa miezi mitatu hivi, hasa wakati wa baridi ambapo kazi za shamba ni chache. Akafundisha kusoma, akaenda kijiji kingine. Wazee na watoto walikaa pamoja, na walioshindwa kuja mchana walikuja usiku. Griffith Jones alifundisha kwa Kiwelisi. Alijua ya kuwa mtu afundishwaye kusoma kwa lugha aielewayo huweza kujifunza kwa majuma machache, bali afundishwaye kwa lugha asiyoijua hukariri kama kasuku. Alipokufa mwaka 1761, zaidi ya shule 3,000 za namna hiyo zilikuwa zimefanyika, na maelfu mengi ya watu maskini walikuwa wamejua kusoma.

Baada yake Thomas Charles wa mji wa Bala alieneza shule za Jumapili, nazo hazikuwa za watoto tu, hata wazee walihudhuria. Kwake ndiko alikokwenda msichana Mary Jones mwaka 1800, mwenye miaka 15, ambaye husimuliwa ya kuwa aliweka akiba ya fedha miaka 6, akaenda kwa miguu maili 25 hivi ili anunue Biblia ya Kiwelisi. Thomas Charles alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha Chama cha Biblia huko London mwaka 1804. Mashauri yao yalianza kwa haja ya Biblia za Kiwelisi, yakaenea hata kuzihusu lugha za ulimwengu wote. Ndicho chama hicho kilichopiga chapa Agano Jipya la Kiswahili la Askofu Steere mwaka 1879. Hivyo njaa ya wakulima wa Welisi kwa kitabu cha lugha yao ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyotufikishia sisi kitabu cha lugha yetu.

Sasa twaja kwenye sehemu ya huzuni. Mwaka 1846 serikali ilipeleka wakaguzi watatu waangalie shule za Welisi. Wote watatu walikuwa Waingereza, na hakuna aliyejua Kiwelisi. Kweli waliona shule mbovu nyingi. Lakini hawakuishia hapo, waliandika ya kuwa Kiwelisi chenyewe ni kizuizi kwa watu, chawazuia wasiendelee katika tabia njema wala katika biashara. Taarifa yao ilitiwa katika majalada ya rangi ya buluu, na Wawelisi huikumbuka hata leo kwa jina la Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Wengi walikasirika. Lakini wengine walianza kuona haya, na haya hiyo ilifanya madhara kuliko sheria ya mfalme Henry. Mtu huweza kushindana na sheria itokayo mbali, bali haya huingia ndani ya nyumba, ikakaa kati ya mama na mtoto.

Katika shule nyingi za karne hiyo kilikuwako kibao cha mti, mara nyingine kimeandikwa herufi W.N. Mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni. Alipomsikia mwenzake akisema, kibao kikahamia kwa huyo, na aliyekutwa nacho jioni alipigwa. Wasomaji waliosoma katika shule za Afrika ya Mashariki hawataona ajabu, maana watoto wa huku nao walivikwa vitu kama hivyo kwa kusema lugha za nyumbani. Yafaa tujue ya kuwa kibao cha Welisi hakikuamriwa na serikali. Walimu ndio waliokitumia, na wengi wao walikuwa Wawelisi, tena mara nyingi wazazi walikubali, kwa kuwa walitaka watoto wao wapate kazi njema. Tusiwahukumu upesi wazazi hao. Walitaka mema. Lakini kosa lao lilikuwa kudhani ya kuwa mtoto hawezi kupata lugha ya pili ila aipoteze ya kwanza.

Mmoja wa watoto waliovikwa kibao alikuwa Owen Morgan Edwards wa Llanuwchllyn. Alisoma sana, akawa mwalimu katika chuo cha Oxford, na mwaka 1907 akafanywa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi. Hakulipiza kisasi. Alitumia cheo chake kuwahimiza walimu wakiheshimu Kiwelisi, na kabla ya hapo, mwaka 1892, alianzisha gazeti la kila mwezi kwa watoto, lililoandikwa kwa Kiwelisi kitamu na chepesi.

Wakati huo huo nchi yenyewe ilikuwa ikigeuka. Katika mabonde ya kusini yalichimbwa makaa ya mawe. Mwanzoni waliokwenda mashimoni wengi walikuwa Wawelisi wa mashamba, wakajenga makanisa yao huko na kuimba kwa lugha yao. Baadaye wakaja Waingereza kwa maelfu, na lugha ya kazi, ya duka na ya barabara ikawa Kiingereza. Hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilionyesha ya kuwa karibu nusu ya watu wa Welisi walisema Kiwelisi. Mwaka 1931 walikuwa 37 katika kila mia. Mwaka 1961 walikuwa 26. Mwaka 1981 walikuwa 19. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna siku moja iliyotangazwa kuwa ndiyo siku ya kufa kwa lugha. Babu alisema Kiwelisi, mwanawe alikielewa lakini akajibu kwa Kiingereza, na mjukuu hakujua tena jinsi ya kumwamkia babu yake.

Watu wengine walifikiri ya kuwa dawa ni kuhama. Mwaka 1865 watu 150 hivi walipanda merikebu iitwayo Mimosa kutoka Liverpool, wakaenda Patagonia katika nchi ya Argentina, wakitaka mahali watakapokaa bila kutawaliwa na Kiingereza. Waliteseka kwa ukame, wakachimba mifereji, wakastawi. Shule, kanisa na baraza zikawa kwa Kiwelisi. Baadaye lugha ya Kihispania ikawafanyia yale yale ambayo Kiingereza kiliwafanyia ndugu zao. Walakini Kiwelisi hakijatoweka huko, na tangu mwaka 1997 walimu hupelekwa kutoka Welisi kukifundisha.

Waliobaki nyumbani walijifunza ya kuwa lugha haina budi kutetewa pale pale ilipo. Katika kijiji cha Llangennech walikaa mume na mke, Trefor na Eileen Beasley. Kutoka mwaka 1952 walikataa kulipa kodi ya nyumba mpaka hati ya kodi iandikwe kwa Kiwelisi, kwa kuwa wao na majirani zao wengi na watu wa baraza lenyewe walikuwa wasemaji wa lugha hiyo. Wakapelekwa mahakamani mara nyingi, na vyombo vya nyumba yao vikachukuliwa. Hawakumtukana mtu wala hawakuvunja kitu. Mwaka 1960, baada ya miaka 8, hati ilikuja katika lugha zote mbili.

Siku zizo hizo mji wa Liverpool ulihitaji maji, ukaomba ruhusa ya kuziba bonde la Tryweryn, palipokuwa na kijiji cha Kiwelisi kiitwacho Capel Celyn. Shauri lilipofika Bungeni mwaka 1957, hakuna mbunge hata mmoja wa Welisi aliyelikubali, lakini lilipita. Mwaka 1965 maji yalifunika shule, kanisa, nyumba na mashamba. Mwaka 2005 baraza la mji wa Liverpool liliomba radhi. Jambo hilo liliwaonyesha Wawelisi wengi, hata wasiojua lugha, ya kuwa neno la nchi yao lilikuwa si kitu.

Mwaka 1962 mwandishi Saunders Lewis aliwaambia katika redio ya kuwa lugha yao itakufa wasipobadili mwenendo wao, akautaja mfano wa hao Beasley. Mwaka huo huo vijana wakaanzisha chama cha kuitetea lugha, na wengi wao wakakubali kufungwa. Sheria zikafuata mwaka 1967 na mwaka 1993, na mwaka 2011 Kiwelisi kikathibitishwa kuwa lugha rasmi katika Welisi. Televisheni yao ilianza mwaka 1982. Leo anayesimama mahakamani huko aweza kusema lugha ya mama yake.

Lakini sisi twaona ya kuwa kazi iliyo kubwa kuliko hizo zote ilifanywa kimya kimya, katika shule. Mwaka 1939 ilifunguliwa katika mji wa Aberystwyth shule ndogo ya kufundisha kwa Kiwelisi, yenye watoto 7 tu. Aliyeianzisha alikuwa Ifan ab Owen Edwards, mwana wa yule Owen aliyevikwa kibao. Mwaka 1947 serikali ya wilaya ikafungua yake katika mji wa Llanelli. Haba na haba hujaza kibaba: siku hizi karibu mtoto mmoja katika kila watano hufundishwa kwa Kiwelisi, na wengi wao ni watoto wa wazazi wasioijua lugha hiyo. Wazazi hao hutaka watoto wapate kile walichokosa wao. Haya iliyoingia nyumbani imeanza kutoka kwa mlango ule ule.

Tusidhani ya kuwa vita imekwisha. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha wasemaji 538,000 hivi, yaani chini kidogo ya 18 katika kila mia, na serikali ya Welisi imejiwekea nia ya kufikia watu milioni moja ifikapo mwaka 2050. Katika Gwynedd, kaskazini, wasemaji wangali karibu theluthi mbili. Lakini katika Carmarthenshire, wilaya ya Griffith Jones, wamepungua: mwaka 2001 walikuwa nusu, mwaka 2021 hawakufika 40 katika kila mia. Vijana huenda mijini kutafuta kazi, na watu wa mbali wenye fedha hununua nyumba za vijijini. Shule yaweza kumfundisha mtoto lugha, lakini kama hakuna duka wala kisima wala uwanja ambapo itasemwa, huibakiza darasani pamoja na chaki.

Sasa turudi kwenye swali letu. Watu wa Welisi wasiojua Kiwelisi ni wengi kuliko waijuao, na wengi wao husema kwa moyo, "Sisi ni Wawelisi." Wako waliowaambia zamani ya kuwa si Wawelisi wa kweli, na neno hilo liliwaumiza, likatia uadui kati ya ndugu. Sisi twaona ya kuwa hao nao ni wana wa nyumba ile. Waliipenda nchi, walilia kwa ajili ya Capel Celyn, na sasa wawapeleka watoto wao shule. Lakini twaona tena ya kuwa mwana wa nyumba aliyepoteza ufunguo wa ghala hukaa na njaa penye chakula. Mashairi ya babu zake, sala zao, mizaha yao, hata majina ya milima anayoiona kila siku, yote yamo humo ndani, naye huomba watu wengine wamweleze. Tusimfukuze, tumpe ufunguo.

Basi, ninyi wazazi na walimu wenzetu, mtoto ana nafasi ya lugha mbili, hata tatu. Ajifunze Kiingereza, ajifunze Kiswahili sanifu, apate kazi na maarifa. Lakini jioni, mezani na katika sala, asemeshwe lugha ya nyumbani bila haya. Wawelisi wengi waliiacha, na imewapasa kufanya kazi zaidi ya miaka mia ili kuirudisha, nao hawajamaliza.